Bolti Ikikatikia Ndani ya Injini, Usiongeze Nguvu

*Maandishi ya mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti mbele ya wanafunzi wa umekanika, madereva wa magari ya kaunti na wakaazi, katika siku ya wazi ya kituo cha mafunzo ya ufundi.*

 

Mmezoea kuisikia ofisi ya mawasiliano ikitangaza basari, zabuni na vikao vya bajeti. Leo tutazungumza kuhusu kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, kilichokatikia ndani ya injini. Mimi si fundi wa magari. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali na kuyaeleza majibu kwa lugha ambayo kila mkaazi ataielewa. Haya nitakayosema nimeyapata kwa kuketi na watu wanaoifanya kazi hii kila siku.

Kwa nini kaunti ijishughulishe na bolti? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti huduma za ambulensi. Jedwali hilo hilo liliipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kama hiki tulichomo. Majukumu hayo mawili hukutana gereji. Ambulensi ikisimama siku tatu kwa sababu ya kifaa kilichokatika, mama anayetaka kujifungua usiku hatauliza ni kifaa gani. Atakachojua ni kwamba gari halikuja. Vivyo hivyo kwa mwenye matatu anayelipa mkopo, na kwa mkulima ambaye pikapu yake ndiyo hupeleka maziwa au mboga sokoni.

Ninalo neno moja la kuwaachia leo, na mengine yote ni maelezo yake: kipande kilichokatika mara nyingi hutoka, lakini injini huharibiwa na majaribio ya haraka ya kukitoa. Hasara kubwa hutokea baada ya kukatika, fundi anapoongeza nguvu au mwenye gari anapomhimiza aongeze.

Kwanza, tujue kinachokatika

Katika injini kuna vitu vingi vinavyoshikiliwa kwa hesi, zile mafundi wengi huziita thredi. Kuna bolti ngumu zisizo na uwazi, kama zinazoshika mfuniko wa thamostati au stadi za ekzosi. Kuna pia vifaa vyenye uwazi ndani, kama plagi, sensa ya joto na swichi ya presha ya oili. Nitachukua hii swichi ya oili iwe mfano wetu, kwa sababu inayo mafunzo yote tunayoyataka.

Swichi hii ndiyo huwasha ile taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili kwenye dashibodi. Katika magari mengi tunayoendesha imefungwa ubavuni mwa injini, mara nyingi karibu na filta ya oili. Hapo hugongwa na spana wakati wa sevisi, hupata joto na kupoa kila siku, na huzingirwa na vumbi na oili. Mara nyingi hesi zake si nyoofu. Zimechongwa kama kabari, nyembamba mbele na pana nyuma, ili zijizibe zenyewe zinapokazwa. Kwa hivyo ukiikaza kupita kiasi, unapigilia kabari. Siku ya kuifungua, sehemu ya juu hutoka mkononi na sehemu ya hesi hubaki ndani.

Kwa madereva, sikilizeni hapa. Taa hiyo nyekundu ikiwaka ukiwa safarini, si taa ya kusema utaangalia kesho. Egesha mahali salama na uzime injini mara moja. Swichi ikikatika injini ikiwa inanguruma, oili hurushwa nje kwa presha, na injini inayozunguka bila oili inaweza kuharibika kabisa kwa muda mfupi sana. Hata tone moja linalodondoka chini ya gari kila asubuhi liandikwe katika kitabu cha gari na liripotiwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla ya kushika chombo chochote

Zima injini na uiache ipoe. Ondoa waya hasi wa betri. Ikiwa itabidi kuingia chini ya gari, weka stendi imara mahali pagumu. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulalia chini yake. Mawe na matofali pia si stendi, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa onyo.

Vaa miwani ya kinga. Chuma kinachotobolewa hurusha chembe, na jicho halina spea. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Wenye gereji, jambo hili halitegemei ukarimu wenu. Na unaposhika drili, usivae glovu za kitambaa wala mikono mirefu inayoning'inia, kwa sababu drili ikishika uzi huvuta na mkono.

Kisha safisha. Tumia brashi ya waya na kitambaa, uondoe uchafu wote pembeni. Uchafu ulioko nje leo ndio utakaoingia ndani kesho tundu likifunguka. Baada ya hapo chukua tochi na uangalie kwa makini. Je, kimebaki kipande kinachotokeza nje? Kimekatikia usawa wa bloku, au kimezama ndani? Kina uwazi katikati au ni kigumu? Na kimefungwa kwenye chuma cha kawaida au kwenye aluminiamu? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayochagua njia. Fundi anayeanza kupiga nyundo kabla ya kuyajibu, msimamishe.

Mafuta, muda na joto

Pulizia mafuta ya kulegeza kutu pale hesi zinapokutana na bloku. Gonga kidogo kwa nyundo ndogo, kwa kutikisa tu, ili mafuta yapate njia ya kupenya. Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi hushindwa. Dakika tano hazitoshi kwa kutu ya miaka kumi. Rudia mara kadhaa, na gari likiweza kulala gereji usiku mmoja, lilale. Usiku mmoja wa kungoja ni rahisi kuliko silinda hedi mpya. Swichi ya oili mara nyingi haina kutu nyingi kwa sababu imezoea oili. Bolti za mfumo wa maji ndizo huota kutu kabisa, hasa kwa wale wanaojaza rejeta maji ya mfereji au ya kisima badala ya kuleti. Chuma kilichofungwa kwenye aluminiamu kikipata maji kwa miaka mingi, metali hizo mbili hulana na kushikana kama zimelehemewa.

Joto nalo husaidia. Aluminiamu ikipashwa joto hutanuka karibu maradufu ya chuma. Ukiipasha sehemu inayozunguka bolti, tundu hupanuka kuliko bolti yenyewe na mshiko hulegea. Lakini tahadhari. Aluminiamu huyeyuka ikifika takribani nyuzi 660 za Selsiasi, nayo haigeuki nyekundu kama chuma ili kukuonya. Inakaa vile vile, kisha inaporomoka. Tumia mashine ya hewa moto ikiwa ipo. Moto wa gesi usisogezwe karibu na mipira ya petroli, waya, plastiki au oili iliyomwagika, na kizima moto kiwe karibu na mkono, si ofisini.

Kukitoa

Ikiwa kimetokeza nje, una bahati. Kishike kwa koleo la kujifunga lenye meno makali, au ukitie tupa pande mbili kiwe bapa ili spana ikikamate. Zungusha kushoto kidogo sana. Kikisogea, kirudishe kulia kidogo, ongeza mafuta, kisha kushoto tena. Nenda na kurudi namna hiyo. Kuvuta upande mmoja tu hukusanya kutu na chembe kwenye hesi, na kipande hukwama au kukatika mara ya pili, safari hii mahali pabaya zaidi.

Ikiwa kimezama na kina uwazi katikati, kama swichi yetu, uwazi huo ndio mlango. Kuna chombo cha kutolea vilivyokatika, wengi hukiita ekstrakta. Kiko cha aina mbili. Cha kwanza kimesokotwa kushoto na kimechongoka kama karoti. Cha pili kina pande zilizonyooka na pembe kali. Kwa kipande chenye ukuta mwembamba, hicho cha karoti kina hatari: kadiri unavyokikaza ndivyo kinavyousukuma ukuta nje, na kipande hubana zaidi. Hapo afadhali chenye pande nyoofu, kigongwe taratibu hadi kishike. Kisha kizungushe kwa mpini wenye mikono miwili ili nguvu iwe sawa pande zote. Ukitumia spana ya upande mmoja, chombo huinama.

Kumbukeni jambo hili, wanafunzi. Ekstrakta imetengenezwa kwa chuma kigumu sana. Ikikatikia ndani, drili ya kawaida haitaikata. Ulikuwa na tatizo moja, sasa una mawili, moja ndani ya jingine. Kwa hivyo ukiona chombo kinajisokota kama mpira huku kipande hakisogei, acha. Rudi kwenye mafuta, joto na muda.

Bolti ngumu isiyo na uwazi hutobolewa kwanza. Tia alama ya ncha katikati kabisa, kwa sababu drili hufuata alama. Ukikosea katikati, utakula hesi za bloku upande mmoja. Anza na drili ndogo, kisha uongeze polepole. Mjue mpaka wenu: tundu la hesi za kawaida za bolti ya milimita 6 hutobolewa kwa drili ya milimita 5, na la bolti ya milimita 8 hutobolewa kwa drili ya milimita 6.8. Ukifika hapo umeshagusa hesi za injini, kwa hivyo simama kabla. Ikiwa mnazo drili zinazokata kwa kuzunguka kushoto, zitumieni. Mara nyingine bolti hujifungua yenyewe ikiwa bado inatobolewa.

Njia nyingine ni kuweka nati juu ya bolti iliyokatika na kuilehemu kwa ndani. Joto la kulehemu hulegeza kutu, na nati hukupa mahali pa kushika. Ni njia nzuri kwa stadi za ekzosi. Lakini ni kazi ya anayejua kulehemu, betri ikiwa imetolewa, petroli na oili zikiwa mbali. Kwa swichi ya oili iliyozungukwa na waya na plastiki, isiwe chaguo la kwanza.

Chembe ndogo, hasara kubwa

Tuseme kipande kimetoka. Watu wanashangilia. Subirini kwanza. Tundu la swichi ya oili linaelekea kwenye njia inayopeleka oili katika injini nzima. Chembe ya chuma ikiingia humo na kufika kwenye beringi, kazi yote imekuwa bure. Ndiyo maana fundi mwangalifu hupaka grisi kwenye ncha ya drili na ya ekstrakta tangu mwanzo, ili chembe zinate kwenye grisi. Huitoa ncha mara kwa mara, huifuta na kuipaka tena. Hapulizi kompresa kuelekea ndani ya tundu.

Akimaliza, husafisha hesi kwa tapu ya saizi sahihi iliyopakwa grisi, bila kulazimisha. Wengine huondoa fyuzi ya petroli na ya moto, huweka chombo chini ya tundu, kisha huzungusha injini kwa stata kidogo ili oili ijitoe na kusukuma nje kilichobaki. Baada ya hapo oili na filta hubadilishwa. Mwenye gari, usione gharama hiyo ni ya kubambikwa. Hiyo ndiyo bima yako.

Kabla ya kufunga swichi mpya, hakikisha hesi zake zinalingana na za zamani. Swichi nyingi zenye waya mmoja hupata ethi kupitia mwili wake kwenye bloku. Ukiizungushia tepu nyeupe ya fundi wa mabomba, unaweza kuikatia ethi hiyo, na taa ikashindwa kuwaka siku utakapoihitaji. Tena vipande vya tepu huweza kuingia kwenye njia ya oili. Tumia gundi ya hesi iliyopendekezwa na mtengenezaji, kwa kiasi kidogo. Anza kwa vidole, malizia kwa spana, na ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Hesi hizi ni kabari, hazikazwi hadi ziishe. Washa injini, uhakikishe taa imezima baada ya sekunde chache, kisha uangalie kwa tochi kama kuna tone.

Ile oili chafu isimwagwe mtaroni. Mtaro huishia mtoni, na mto huo ndio watu huteka maji na kunyweshea mifugo. Iwekwe kwenye mtungi wenye mfuniko na ipelekwe kwa wanaokusanya oili iliyotumika.

Kujua mahali pa kuacha

Kuna wakati ambapo uamuzi wa busara ni kuweka vyombo chini. Ukitoboa ukaenda kombo, ekstrakta ikikatika, au ukiona ufa kwenye aluminiamu, gari lipelekwe kwa fundi wa mashine mwenye leithi na drili ya kusimama. Yeye anaweza kutoboa kwa unyoofu na kuweka hesi mpya za koili ya chuma ndani ya tundu lililoharibika. Hesi hizo, zikiwekwa vizuri kwenye aluminiamu, huwa imara sana. Kumpelekea mwenzako kazi hakukupunguzii heshima. Mteja humkumbuka fundi aliyeokoa injini yake kwa kusema, "Hapa pamenizidi, twende kwa fulani."

Kwa wenye magari

Nanyi wenye magari mna sehemu yenu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inayo sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari, na msingi wake ni makadirio ya gharama kabla ya mteja kutozwa. Basi ulizeni mapema. Fundi akikwambia, "Hii bolti ina kutu, inaweza kukatika," amekutendea haki. Msitafsiri kwamba anataka pesa zaidi. Kubalianeni hapo hapo: ikikatika, nani atalipia nini, na atakupigia simu katika hatua gani kabla ya kuendelea. Iandikeni, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Kisha ombeni mpewe kipande kilichotoka na kifaa cha zamani, mkione kwa macho yenu.

Na tafadhali, acheni kusimama juu ya kichwa cha fundi mkiangalia saa. Mkimpa fundi jioni moja ya kungoja mafuta yapenye, mara nyingi mmeokoa wiki.

Kwa wanafunzi na mafundi

Namalizia na nyinyi. Wengi wenu mna ujuzi mikononi lakini hamna karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa majaribio ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na aliyejifunzia kazi gereji pia anaweza kujaribiwa. Waulizeni walimu wa kituo hiki utaratibu wa kujisajili kabla hamjaondoka leo. Cheti hicho kitawafungulia milango ya zabuni na ajira ambazo kwa sasa mnazitazama kwa mbali.

Baada ya mazungumzo haya, walimu wametuwekea bloku kuukuu kule karakana, ikiwa na bolti zilizokatikia ndani kwa makusudi. Kila mwanafunzi atajaribu, na madereva mtatazama. Atakayekuwa wa kwanza kumaliza hatapewa zawadi. Tutakagua hesi zilizobaki kwenye tundu, na aliyeziacha salama ndiye tutakayempigia makofi.

 Maswali sasa, na yale ya kifundi walimu wako hapa kuyajibu.